Wa Juu Ndiye Anayeanza

Maharage yaliyokuwa shambani jana jioni, asubuhi hii yalikuwa barabarani. Mundu aliyaokota mche mmoja mmoja, akayakung'uta tope na kuyapanga ndani ya beseni kama mtu anayetarajia kuyarudisha. Mizizi ilikuwa imechubuka. Alijua hayatashika, lakini kuyaacha yakanyagwe na pikipiki aliona ni kuyatukana.

Mundu halikuwa jina alilopewa na wazazi. Watu walimbandika kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akipita mikono mitupu: mundu mkononi, mzigo wa majani kichwani, anawapelekea wenye ng'ombe. Alikata kwenye matuta ya mteremko wote, yale yaliyojengwa na wazee kukinga maji kati ya shamba na shamba. Wenye matuta hawakumtoza kitu. Aliyekata majani alijua wajibu wake: palipo na shimo la panya anaziba kwa bonge la udongo, maji yanapoanza kung'ata anapachika kipande cha ukoka na kukikandamiza kwa kisigino. Hakuna aliyemwita mtunza matuta. Alikuwa muuza majani tu, na mteremko ulikuwa umesimama.

Kisha kampuni ikakodi mashamba ya juu, moja baada ya jingine, ikayaunganisha na kuyaita bloku. Trekta lao la kupulizia dawa lilikuwa na mikono mirefu, na mikono hiyo haikupenda kupanda na kushuka. Matuta yakasawazishwa. Yaliyobaki mipakani yakapigwa dawa ili yasifuge magugu. Mundu akabaki na kishamba cha familia huku chini, na korongo.

Korongo lilianzia juu, kwenye soya ya bloku, pale tuta la mpaka lilipokatika. Lilishuka katikati ya shamba lake kama mshono uliofumuka. Mwezi uliopita aliliruka. Leo aliteremka ndani yake, akatembea, akapandia upande wa pili kwa kushika mzizi.

Na leo mchana bwana shamba alikuwa anakuja kukagua. Kanuni ilikuwa mpya, na fupi kiasi cha kuimbwa na watoto: shamba lenye korongo ni shamba lisilotunzwa, na shamba lisilotunzwa linaingizwa kwenye bloku mpaka mwenyewe aonyeshe uwezo wa kulitunza. Bado hajasikika mtu aliyeonyesha uwezo akarudishiwa.

Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa uani anafunga kamba za viatu vya mpira.

"Limepanuka?" aliuliza bila kuinua uso.

"Limefika kwenye mihogo."

"Nikiomba ruhusa leo wataniambia nisirudi."

"Nani amekwambia uombe?"

Akakaza fundo la kiatu. Alikuwa kibarua wa kampuni, mpiga dawa, bomba mgongoni na kitambaa puani. Msimu uliopita alimaliza zamu dawa ikiwa bado imo kwenye bomba, msimamizi akamwambia aimalizie kwenye tuta la mpaka. Akapiga upande wa bloku. Kisha, kwa mapenzi yake mwenyewe, akavuka akapiga na upande wa nyumbani. Alitaka mkewe apumzike kukata.

Mkulima gani haujui ukoka? Unaukata, unaota. Unauchoma, unaota. Unaung'oa na kuutupa juani ukauke, mvua ya kwanza ikinyesha unakucheka. Mumewe alidhani dawa ni mundu wa aina nyingine. Ukoka ukageuka njano, ukageuka rangi ya makuti makavu, nao wakasubiri uchipue. Wakasubiri kiangazi kizima. Panya wakachimba wanavyotaka, mizizi iliyokuwa imeshika udongo ikaoza, na mvua zilipoanza tuta likameguka kama mkate uliolala.

"Nilitaka upumzike," alisema sasa, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa amesema mara nyingi.

"Nimepumzika," Mundu alijibu. "Nenda, utachelewa."

"Acheni kunong'ona," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Kilichokufa ni macho, masikio mazima."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ukungu mweupe umemziba mboni zote mbili. Mwanawe akamwamkia, akabeba bomba, akaondoka.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, "umemwita wa juu?"

"Nimemwita, mama. Anasema kesho."

"Kesho yake imezaa wajukuu. Nenda na jembe. Akiliona jembe ataona haya."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mteremko. Tuta la mpaka halishikwi na mtu mmoja. Likibomoka, wa chini humwita wa juu. Wa juu hupiga jembe la kwanza, ndipo wa chini naye hushika lake. Wa chini anayepanda peke yake na jembe anahesabiwa anaiba ardhi. Wa juu aliyeitwa akakataa anahesabiwa amemwaga maji nyumbani kwa mwenzake. Kwa utaratibu huo watu walikuwa wamezikana na kuozeshana bila kuburutana barazani. Na kwa utaratibu huo huo Mundu, tangu mvua zianze, alikuwa amelitazama korongo likikua bila kugusa kichwa chake, kwa kuwa kichwa kilikuwa shambani kwa shemeji yake.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa centa, kwenye kibaraza cha kinyozi, anacheza drafti kwa vizibo vya soda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Tangu akodishe shamba alikuwa mtu wa shati la pasi siku zote za juma.

"Karibu, shemeji! Umekuja kuniokoa? Huyu kinyozi ananila kete kama panya kwenye ghala."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hilo jembe la nani?"

"La nyumbani. Nimekuja nalo ili usipate kisingizio. Njoo upige jembe la kwanza. Moja tu, kisha rudi kwenye vizibo vyako. Bwana shamba anakuja leo, na shamba likichukuliwa mama yako atakula drafti."

Kinyozi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Shemeji," alisema yule mwenye shati la pasi, "mkataba unasema nisikanyage."

"Usikanyage shamba la baba yako?"

"Si kwamba nimekatazwa. Nimekodisha. Nikikanyaga na jembe nimevunja mkataba, na nikiuvunja wananidai walichonipa." Akasogeza kizibo kimoja, akakirudisha. "Nilichopewa kiko wapi? Unakiona?"

"Naona shati."

"Hilo na pasi yake." Akainama, akavuta mfuko wa plastiki chini ya benchi, akaufungua. "Tazama. Mchicha. Nimeununua dukani. Mimi! Mzee angefufuka angenichapa mbele ya wanangu."

"Angekuchapa kwa mengi, mchicha ungengoja zamu yake."

"Cheza, bwana," kinyozi alisema. "Usilie kwenye kete zangu."

Shemeji akaufunga mfuko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepokea kitu kimoja kikubwa kwa siku moja na sasa alikuwa akitoa vitu vidogo vidogo kila siku.

"Wa juu si mimi tena, shemeji. Wa juu ni kampuni. Nenda ukaiite."

Kampuni ilikuwa chini ya turubai, pembeni mwa bloku. Msimamizi alikuwa kijana mwenye adabu na buti safi. Alimpa Mundu ndoo iliyopinduliwa akalie, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu pana kama sinia na kumwonyesha mchoro wa mashamba. Soya ilikuwa ya kijani, mipaka mistari myeupe.

"Tuta unalosema liko wapi hapa, mama?"

"Haliko. Ndiyo maana nimekuja. Lilikuwepo."

"Kama haliko kwenye mchoro mimi sina la kutengeneza. Ziba upande wako."

"Nilitia magunia ya mchanga upande wangu. Maji yakishapata mbio hayashikiki, yaliyabeba magunia yenyewe. Lazima yazuiwe yakiwa bado yanatembea, huku juu, hatua chache tu ndani ya soya."

"Ndani ya soya hatuchimbi."

"Basi nichimbe mimi. Wewe piga jembe la kwanza tu, mwanangu. Hata ukiligusa kwa kidole inatosha."

Msimamizi alimtazama kuona kama anatania. "Ruhusa ya kuchimba inatoka makao makuu. Wanaweza kuileta msimu ujao."

"Bwana shamba anakuja mchana huu."

"Basi umechelewa, mama," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Sisi hapa tunalima. Maji yakishatoka kwenye bloku ni kazi ya Mungu na serikali."

Karibu na pipa la dawa wanaume walikuwa wanajaza mabomba. Mmoja wao alikuwa amegeuza mgongo. Msimamizi aliwaita wote Bomba. Ilimwepusha na kukariri majina.

"Bomba! Huyu si wa kwako? Mweleze."

Mumewe aligeuka nusu. Macho juu ya kitambaa yalimtazama mkewe, yakashuka.

"Anaelewa," alisema.

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma Mundu alipofika nyumbani. Alimweleza mama mkwe yote, la shati, la mchicha, la mchoro. Bibi alisikiliza huku mdomo ukitafuna kitu kisichokuwepo.

"Kwa hiyo wa juu ni nani?"

"Hayupo, mama. Kila ninayemuuliza anasema si yeye."

"Nipe jembe."

"Mama, jua hili..."

"Huyo wa juu nimemzaa mimi. Alitoka ametanguliza miguu, na tangu siku ile hajawahi kunijia vizuri. Kama yeye ni wa juu, mimi ni wa juu zaidi. Nipe jembe, unishike mkono."

Walipanda kandokando ya korongo, mmoja akiona kwa niaba ya wawili. Kwenye mpaka bibi alisimama, akapapasa kwa unyayo mpaka akahisi mahali ambapo udongo mgumu wa tuta uliishia na tope la shamba la juu likaanza. Akavuka. Majani ya soya yalimgusa magotini. Akainua jembe, juu kuliko Mundu alivyotazamia, akalishusha. Lilitoa bonge moja.

"Haya. Wa juu ameanza. Usije ukasema nilikuchelewesha."

Mundu akashuka kuleta mawe, akapanda, akashuka kuleta magogo ya mti wa zamani, akapanda. Aling'oa soya iliyokuwa mdomoni mwa korongo, akaiweka pembeni kwa heshima kama vile ina mwenyewe anayeitazama. Alipanga mawe chini, magogo juu, udongo juu yake. Kilichokosekana ni cha kuushika udongo huo. Ukoka ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, ambapo bomba halikufika: nyuma ya nyumba, juu ya kaburi la baba mkwe.

Alisita kulitaja. Bibi akalitaja mwenyewe.

"Mvue," alisema. "Alikuwa mtu wa joto, usiku alinivua shuka mimi nikatetemeka miaka yote ile. Na yeye atetemeke kidogo."

Mundu alikata ukoka kwa jembe, vipande vipana kama mkeka wa kuswalia, akavibeba kichwani huku tope likimchuruzikia shingoni. Alivilaza juu ya tuta, akavikandamiza kwa kisigino. Alikuwa akikandamiza kipande cha mwisho aliposikia pikipiki.

Bwana shamba alikuja akiwa amempakia msimamizi nyuma. Kwenye keria kulikuwa na furushi la vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Alikuwa mtu wa makamo, soli ya kiatu kimoja imefungwa kwa waya. Aliwasalimu kwa heshima, akamwamkia bibi, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. Kisha akatembea shamba lote kwa utulivu. Alisimama kwenye mihogo. Akapanda mpaka juu na kulitazama tuta kwa muda mrefu.

"Nani kajenga?"

"Wa juu na wa chini," bibi alisema.

"Limejengwa vizuri."

"Limejengwa kwenye bloku," alisema msimamizi. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Wameng'oa mazao. Mama, si nilikwambia? Trekta likija kupulizia mkono utakwama hapa. Hili linaondoka."

Bwana shamba akajikuna kidevu. "Unaona tatizo langu, mama. Mimi nakagua shamba lako. La juu silikagui, lina mkataba wake. Kinga iliyo nje ya shamba lako siwezi kuihesabu kuwa ni yako."

"Lakini maji yanatoka huko nje," alisema Mundu.

"Ndiyo."

"Korongo linaanzia huko."

"Ndiyo. Lakini linaonekana kwako."

"Kwa hiyo nikiziba huko nimeharibu mali ya watu, nisipoziba situnzi shamba."

Bwana shamba akageuka kulitazama tuta tena. "Mimi nimesomea kuhifadhi udongo," alisema. "Miaka yote ya chuo nilifundishwa matuta. Tukipewa kipande cha mteremko, tunaambiwa jengeni. Tulijenga kama haya."

"Basi lione."

"Naliona, mama. Siwezi kulihesabu."

Alikwenda kwenye pikipiki akarudi na kigingi kimoja cha bloku. Alitafuta mahali pakavu katikati ya shamba, hatua chache kutoka korongoni, akakigongomea kwa jiwe. Aligonga kwa uangalifu, kama mtu anayepigilia msumari kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga. Mundu alisimama ameshika jembe. Alitazama mahali kigingi kilipoingia, akakumbuka kwamba alikuwa amepanga kupanda viazi pale.

Msimamizi alikuwa ameweka vidole mdomoni kupiga mluzi. Kutoka kwenye soya mume wa Mundu akaja, bomba mgongoni, viatu vinanyonya tope. Alifika, akamwona mkewe, akamwona mama yake mwenye udongo mikononi, akaona tuta, akaona ukoka. Aliujua ulikotoka.

"Bomba, chukua hilo jembe usawazishe hapa."

Mwanamume akashusha kitambaa kutoka puani.

"Bomba. Umesikia?"

"Nimesikia."

Aliinua mikono, akavua mkanda wa kulia, akavua wa kushoto, akalishusha bomba chini polepole ili dawa isimwagike. Akaliweka miguuni mwa msimamizi. Kisha akaenda akasimama karibu na mama yake.

"Unajua maana yake?" msimamizi aliuliza.

"Anaelewa," alisema Mundu.

Msimamizi alichukua jembe mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye nguvu, lakini alilishika kama mtu anayeshika fagio. Jembe la kwanza liliteleza juu ya ukoka. La pili lilizama, likanasa kwenye gogo, akalivuta kwa miguu na mikono mpaka buti zake safi zikaingia topeni. Bwana shamba aligeuka akatazama upande mwingine, mabega yakimtikisika. La tatu lilitoa kipande kidogo cha majani. Msimamizi akalitupa jembe chini, akatazama viganja vyake, kisha mbingu, iliyokuwa imeanza kuwa nzito upande wa milima.

"Trekta litakuja," alisema. "Udongo ukikauka tu, trekta litakuja."

Akalibeba bomba yeye mwenyewe, begani, na dawa ikamlowesha shati alipokuwa akipanda pikipiki. Bwana shamba aliaga. Aliwaambia kwamba wana haki ya kukata rufaa. Alipoulizwa wapi, alisema kwa kamati, na alipoulizwa kamati ni nani, aliwasha pikipiki.

Mumewe aliokota jembe. Alikirudisha kipande kilichotolewa, akakikandamiza kwa kisigino. Kisha akaendelea, bila kuambiwa, kuongeza udongo kwenye ncha ya tuta ambako mkewe hakuwa amemaliza. Mundu alikwenda kuleta mawe mengine. Hawakuzungumza juu ya kazi iliyopotea wala juu ya shamba. Palikuwa na muda mpaka udongo ukauke, na wingu lilikuwa linakuja.

Mvua ilianza kabla watoto hawajatoka shule. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na machache, kisha ikashuka yote. Walirudi chini ya bati la jikoni, wote watatu, bibi katikati. Huko juu, kati ya mistari iliyonyooka ya soya, maji yalianza kuteremka mekundu, yakafuatana, yakaungana.

"Yamefika kwenye tuta?" bibi aliuliza.

"Yamefika, mama," alisema mwanawe.

"Yamepita?"

Mwanawe akachungulia chini ya ukingo wa bati. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya tuta, yakasimama, yakaanza kutambaa pembeni taratibu. Korongoni kulikuwa kunatiririka maji ya mvua ya hapo hapo tu, machache, masafi.

"Hayajapita."

"Udongo wa chini je?"

"Umetulia, mama," alisema Mundu. "Hakuna kilichoondoka."

"Na kigingi chao?"

Mundu akatazama katikati ya shamba. Kichwa chekundu kilikuwa kinang'aa kwa mvua.

"Kipo. Hakijatikisika hata kidogo."

Mama mkwe akasonya.